Rola yangu ya sindano usoni kwa wifi

Shoga, nina hasira mimi!

Unaijua ile rola yangu ya sindano ndogondogo, ninayojipitishia tumboni kuondoa michirizi ya uzazi? Ile ninayoiloweka kwenye spiriti kila nikimaliza? Nimemkuta wifi bafuni anajipitishia usoni. Juu ya chunusi zenye usaha!

Usaha, shoga!

Namwambia hiyo inatoboa ngozi, inashika damu. Ananijibu, "Acha uchoyo, wifi. Kwani mimi mgonjwa?" Akaifuta kwa taulo, akairudisha kwenye kikopo chake. Kwa taulo!

Kumbe, kwa kauli yake mwenyewe, mwezi mzima tunaitumia wote.

Nimeitupa. Kesho nakwenda kupima damu. Mume wangu eti nimemdhalilisha dada yake, nimwombe radhi.

Na huyo dada mtu kanuna mlangoni, anauliza mpya nitanunua lini.