Sahihi Yangu kwenye Tanazuli

Kandara, Jeddah

Dada yangu Nekesa,

Nakusalimu kutoka huku kwenye joto. Mama anaendeleaje na magoti yake? Na shemeji, kikohozi kimemwacha? Mimi mwili hauna neno, ila moyo umelegea, na sitakuficha.

Habari kwamba umeteuliwa jaji wa Mahakama ya Rufaa ilinikuta bandarini nikisubiri kontena. Nililia kwenye usukani mpaka lori la nyuma likanipigia honi. Nilikumbuka Lodwar, ulipokuwa hakimu mchanga na mimi dereva wako, faili zikiwa kwenye katoni za maziwa. Ulikuwa ukinisomea hukumu zako njiani ili ujue kama mtu wa kawaida atazielewa. Nikipiga miayo, unanifinya.

Niliapa nitakuja kukuona ukila kiapo. Sitakuja, dada.

Unajua nilimshtaki kafili, huyu bosi aliyenileta, kwa kunizuilia paspoti mkataba ulipokwisha. Mara ya kwanza nilishindwa kwa kukosa nakala ya mkataba. Nikaitafuta, nikaipata, nikakata rufaa. Wiki moja kabla ya kesi kusikizwa, akaniita ofisini kwake Sulimaniyah, kule Riyadh. Akaninywesha chai, akaniwekea karatasi ya Kiarabu, akatamka neno moja tu: tanazuli.

Kwetu madereva, tanazuli ni kafili kukuachilia uende zako. Ndilo neno tunaloliombea kila siku. Nikatia sahihi mbio mbio, nikamshukuru mara mbili. Kumbe mahakamani tanazuli ni mlalamikaji kuiachilia kesi yake. Aliyeachilia ni mimi.

Jaji wa rufaa alikuwa mzee mpole. Aliniuliza kupitia mkalimani, "Hii sahihi ni yako?"

"Ni yangu, mheshimiwa."

"Halas," akasema, akafunga faili.

Ningeweza kukana, lakini nimeishi na wewe mno. Sasa kesi sina, na kafili anasema nitaondoka akipata dereva mwingine. Hajaanza hata kumtafuta. Nimeona aibu, dada, kuliko nilivyoona uchungu.

Mwambie Mama kazi imenibana. Najua hupendi uongo. Huu mmoja nibebee, ukweli nitamwambia mwenyewe. Msalimie shemeji, na kitindamimba wako anayeniita mjomba wa simu. Siku ya kiapo mkalishe Mama mbele, akuone vizuri.

Yule jaji simlaumu, alifuata sheria, na hata wewe ungefanya vivyo hivyo. Ila nina ombi. Ukishakalia kiti hicho, akija mbele yako mtu aliyeangushwa na sahihi yake mwenyewe, kabla hujafunga faili mwulize alidhani anatia sahihi nini. Mimi hakuna aliyeniuliza.

Ndugu yako akupendaye,
Barasa