Kitambaa cha Tatu

Mama yangu,

Assalaam alaykum, na shikamoo nyingi. Magoti yanaendeleaje? Ile dawa ya kuchua niliyompa jirani yetu aliyerudi Pemba likizo, imekufika? Usinijibu "sijambo" ya kunitoa wasiwasi, niambie kweli.

Mimi mwili mzima, moyo ndio mgonjwa. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu nalia, nawe unalia, tunaagana hatujaambiana kitu.

Bi Zuwena, huyu ninayemfanyia kazi huku Uarabuni, mjini Al Amerat, amezaliwa Unguja na kofia nzuri anaijua. Alinikuta namshonea mwanangu kofia, akanipa kitambaa nimshonee mumewe ya Idi. Akasema, "Ikitoka vizuri, jikoni ntatia mtu mwengine. Wewe utakaa ushone kofia za ukoo mzima." Mama, nilicheka peke yangu kama mwehu.

Tangu siku hiyo mkono umekufa. Uliponifunza barazani, kitundu kikienda upande hukunigombeza. Uliichukua kofia, ukafumua, ukanirudishia. Nimekua hivyo. Sasa uko mbali, nafumua mwenyewe. Na kitambaa cha kofia unakijua, hakisamehe: uzi unautoa, tundu linabaki. Cha kwanza nilikitoboatoboa mpaka kikawa chujio. Cha pili vilevile. Mwezi uliopita Bi Zuwena akanipa cha tatu. Hakukasirika, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

"Hichi cha mwisho, Raya. Ukishindwa si neno, ntakwenda sokoni Sib nikanunue ya mashine."

Ya mashine! Na mimi mtoto wako nipo humu humu ndani, namenya vitunguu!

Nikiiga maua yako yanatoka yako, tena mabovu. Nikitunga yangu naona uso wako, mkono unakwenda kwenye mkasi. Leo asubuhi nimefika nusu ya ubavu wa kofia. Maua yamepinda kidogo, lakini sijayaona kwenye kofia ya mtu yeyote, si huko wala huku. Mkasi nilikwisha kuushika. Nimeuweka chini, nikachukua kalamu. Nimechoka, Mama. Naogopa nitazeekea kwenye masufuria ya watu, na ufundi wako ufie mikononi mwangu.

Nisalimie kaka Hamad na mkewe, wifi yangu. Shangazi mwambie kanga zake nimeziona, rangi aitakayo bado. Mwanangu Nassor mbusu, umwambie asome, na kofia yake asiichezee mpira.

Jambo langu ni moja, na nijibu upesi. Nilipoolewa ulinipa radhi. Nilipopanda ndege ulinipa radhi, na huku unajifuta machozi. Nipe na hii, mama yangu: radhi ya kushona vibaya mpaka mwisho, nisifumue.

Mwanao,
Raya