Hewa Iliyofungwa mu Jiwe

Mama wangu mupenzi wa Kabambare,

Umeamkaje? Mimi niko muzima, ila baridi ya huku inauma mpaka ndani ya mifupa.

Leo mu labo yetu ya kupima mawe tumeponda jiwe jeusi lililotolewa chini ya bahari. Ndani yake muna vitundu vya hewa. Mashini inatenga hewa inayoitwa heliamu, ile nyepesi na ile nzito. Ile nyepesi ilifungiwa mu tumbo la dunia tangu kuumbwa kwake. Hewa ya leo ikiingia hata kidogo, kazi yote inaharibika. "Zaina, kaza mufuniko!" mukubwa wetu anapiga kelele kila mara.

Kile kitenge ulichonipa siku ya safari, ukisema "Ukisikia baridi, jifunike," sijajifunika nacho hata mara moja. Nilikifungia mu mufuko wa plastiki, sawa jiwe linavyofunga hewa yake. Hamu ya nyumbani ikinizidi, nafungua kidogo, navuta harufu ya moshi wa jiko lako na ya mawese, nafunga mbio mbio.

Jana nimefungua, nikasikia harufu ya sabuni ya mikono yangu tu.

Mungu akuchunge, Mama. Unitumie kingine, kile unachovaa ukipika majani ya sombe. Tafazali, usikifue.

Mutoto wako,
Zaina