Bango Kwenye Bunduki

Elieth, sijui nicheke au nilie.

Si nilikuambia leo tunaandamana mbele ya ofisi za kaunti huku ughaibuni waturudishie basi la kwenda hospitali? Nimefika na bango langu, nimelipigilia kwenye ufito. Polisi getini akanisimamisha. "Mama, ufito hauruhusiwi. Ni silaha."

UFITO, Elieth! Silaha!

Hapohapo pembeni yangu wanapita wazee wa maandamano mengine, ya kutetea haki ya kubeba bunduki. Kila mmoja na bunduki yake begani! Polisi anawapungia mkono.

Nikamuuliza, "Na hao?" Akajibu kwa upole kabisa, "Bunduki ziko chini ya sheria ya jimbo, kaunti haina ruhusa ya kuzikataza. Sisi tumeachiwa vijiti tu."

Tumeachiwa vijiti tu!!

Nina usaili wa kuomba uraia wa huku Alhamisi, nikaogopa kukamatwa. Nikauvunja ufito mwenyewe. Mzee mmoja akanionea huruma, akasema, "Lete bango nilifunge kwenye bunduki yangu." Polisi akatoa karatasi ya kanuni, akaisoma mbele na nyuma. "Hiyo inaruhusiwa."

Yaani tumeingia hivyo shosti! TURUDISHIENI BASI LETU, bango linaning'inia kwenye mtutu!

Diwani wetu katoka mbio, macho kwenye mtutu, jasho linamtiririka, kaahidi basi litarudi Jumatatu. Miaka miwili tumemwandikia barua za heshima, hajajibu hata moja.

Wenzangu wanapiga vigelegele huko nje. Mimi nimejifungia chooni nakuandikia, maana sikutaka tushinde hivi.