Kambale Mmoja Kwenye Bwawa la Perege

Mjukuu wangu Tumaini,

Ugonile? Sisi hapa Kisondela tumeamka salama, ila mvua haitaki kutuacha. Mama yako mdogo amejifungua mtoto wa kike. Babu yako sasa anatembea bila fimbo, na anaringa kweli.

Umeniuliza kama ukiwahamishia samaki wako kwenye tangi kubwa la kioo unaweza kuwachanganya na wale wakubwa wa dukani, maana nafasi ipo. Nimecheka peke yangu. Nilipokuwa msichana, baba alichimba bwawa chini ya migomba, tukaweka perege wadogo. Kijana mmoja jirani akaniletea zawadi ya kambale mwenye sharubu ndefu. Nikamtumbukiza humo humo, nikisema bwawa kubwa, watazoeana. Baada ya wiki chache perege walikuwa wa kuhesabu, na kambale amenona.

Baba hakunigombeza. Alinikumbusha tu kwamba zamani kwetu vijana wa rika moja walijenga kijiji chao, wakaishi wenyewe. "Na wewe umelaza watoto na jitu zima," akasema.

Basi wahamishe taratibu, pamoja na maji yao ya zamani kidogo. Hao wa dukani, usiangalie rangi zao, angalia midomo: mwenye mdomo wa kuwameza wako, usimchanganye nao.

Yule kijana alirudi na ndoo ya perege kuomba radhi. Bwawa likajaa tena, lakini aliendelea kuja kila Jumapili, eti kuwaangalia samaki. Babu yako anachungulia hapa begani kwangu, anasema nisimtaje jina.

Bibi yako