Simenti Ndani ya Mkwaju wa Mama Neema

Jumatatu, 5 Mei
Kikombe kimoja cha maji, kama kila asubuhi. Nimeumwagia mkwaju wa marehemu mke wangu kibarazani. Bonsai, wanavyouita wauza maua wa hapa Tegeta. Miaka ishirini na mbili kwenye chungu, na haujafika kiunoni mwangu. Leo majani yamebaki mkononi. Nimebonyeza shina, kidole kimezama. Limeoza.

Binti yetu Neema anakuja tarehe 31 kuuchukua. Nyumba yake Dodoma imekwisha, na mama yake alimwahidi mti huu siku atakayohamia kwake. Kuutunza niliachiwa mimi. Naona aibu.

Jumanne, 6 Mei
Mkosaji ni mimi. Mwaka jana shina lilikuwa na tundu dogo. Fundi wa sakafu alibakiza simenti kwenye karai, nikachukua mwiko nikaziba. Juu nikapaka rangi ya kahawia. Nilijisifu moyoni. Kumbe nimefungia maji ndani, masika yote. Mjinga mimi.

Alhamisi, 8 Mei
Bustani za barabarani, wanakouza miche. Kuna mkwaju wa chungu kama ule, unene uleule. Neema hajauona wa kwetu tangu msiba. Asingejua. Muuzaji alishaanza kutafuta mfuko. Nikaurudisha mti mahali pake. Nimerudi kwa miguu, nimejikasirikia.

Jumamosi, 10 Mei
Nandonde, jirani yangu mchonga vinyago, mtu wa Newala, amekuja kuazima ngazi. Shikamoo haijaisha, macho yashafika kwenye mti.

"Baba Neema, nani kaupiga plasta huu?"

Nimejinyooshea kidole. Kacheka mpaka kakaa chini.

Anasema mipingo mingi anayochonga ina moyo uliooza. Hawazibi. Wanakwangua uozo wote, tundu linabaki kuwa sehemu ya kinyago. Mti unanywa kwa pembeni, karibu na ganda. Akakwaruza kwa ukucha: upande mmoja bado kijani. Anaweza kuutoa uozo, ila patasi ikiteleza upande huo, basi tena. Nisipougusa, labda utafika tarehe 31 na majani mawili matatu, ukafie Dodoma.

Sijaamua. Ugali umenishinda.

Jumapili, 11 Mei
Mahubiri sikuyasikia. Nawaza mti tu. Kuuacha hivi ni kumtwisha Neema kosa langu. Nilipotoka kanisani nimepitia kwa Nandonde, nikamwambia aje na patasi.

Kazi ya saa mbili. Simenti imetoka nzima, ina umbo la ndani ya shina mpaka mikunjo. Kakwangua unga mweusi, katoboa chini maji yapate pa kutokea. Mimi nilishika chungu. Ujira alioutaka ni chai na maandazi.

Nimempigia Neema. Nimemweleza yote, hata ule wa barabarani.

"Haya baba. Tuone."

Ijumaa, 23 Mei
Bado kijiti. Majani yote chini. Nandonde anapita kila jioni kuuangalia, utadhani mgonjwa ni wake. Namshukuru Mungu kwa jirani huyu, hata mti ukifa.

Jumatano, 28 Mei
Vichipukizi vitatu! Upande ule wa kijani. Nilivyopiga kelele, Nandonde kaja mbio na kinyago mkononi. Nimelia mbele yake. Sijali.

Jumapili, 1 Juni
Jana Neema aliingiza kidole kwenye tundu, akacheka hadi machozi. "Simenti, baba? Mama angekusema wewe!" Angenisema kweli.

Leo asubuhi nimemsindikiza stendi ya Mbezi Luis. Kapanda basi, chungu mapajani, kajifunga nacho mkanda mmoja.

Jumatatu, 2 Juni
Nimejaza kikombe kwa mazoea. Kibarazani pamebaki duara la chungu, na lile donge la simenti nililoliweka katikati. Maji nimeyanywa mwenyewe.

Asante, mama Neema. Mti wako umefika Dodoma.