Kadi Mpya ya Sauti

Petru, baba Emilian,

Sasa hivi mwanao ameibusu sura yako kwenye kompyuta, akaipaka jibini. Lakini ukimwita humo, hageuki. Tulilaumu mazabodi kuukuu, ule ubao mkuu wa kompyuta, kwamba sehemu yake ya picha bado nzima ila ya sauti imekufa. Leo jirani Grigore amechomeka kadi nyingine ya sauti. Nikafungulia muziki mpaka madirisha yakatetemeka. Emilian aliendelea kula.

“Kama babu yake,” mama yako akatania, “akili yote iko tumboni.”

Sikucheka. Barua hii nitampa dereva anayekuja huko Italia, maana kwenye kamera ningelia. Jumatatu tunakwenda mji mkuu, Chişinău, kwa daktari wa masikio. Bado natumaini.

Mama yako anaita jikoni: “Ruxanda, hebu njoo. Nimeangusha sufuria, mtoto kageuka.” Petru, ngoja kwanza nikimbie nikaone.